Ionides, Bwana Nyoka wa Newala

MKANDA wa picha ulikuwa na nafasi 36, na mwaka 1997 pale Rusumo kila nafasi ilikuwa na bei yake. Nilikuwa na studio ya chumba kimoja upande wa Rwanda, mwendo mfupi kutoka daraja la Mto Akagera. Wateja wangu wengi walikuwa ni watu waliorejea kutoka Tanzania, hasa wale waliovuka katika msafara mkubwa wa Desemba 1996, pamoja na wafanyabiashara wa mpakani waliohitaji picha ndogo za vitambulisho na hati za kupitia. Mtu alikaa kwenye stuli, nikamwambia atulie na asipepese macho, nikabonyeza mara moja tu. Picha ya pili haikuwepo.

Siku moja akaingia bwana mmoja na gunia. Ndani ya gunia alikuwemo chatu. Bwana huyo alizunguka kwenye magulio ya pande zote mbili za mpaka akimwonyesha nyoka wake kwa kiingilio kidogo, na kazi hiyo alisema aliipata Usukumani, ambako ngoma za kuchezwa na nyoka zimekuwepo tangu enzi za mababu. Alitaka picha ya chatu peke yake, amejikunja vizuri na kichwa kimeinuka, aibandike kwenye ubao wake wa matangazo. Aliahidi kulipa mara tatu ya bei ya kawaida.

Nilimkubalia haraka. Hesabu yangu ilikuwa hii: chatu hana kope, hawezi kupepesa macho, kwa hiyo atakuwa mteja rahisi kuliko binadamu. Niliwasha taa zangu mbili kubwa, tukamweka mezani. Hakukaa hata sekunde tano. Alijinyoosha, akaanza kushuka. Mwenyewe akamvuta mkia, akamrudisha. Akashuka tena, safari hii kwa kasi zaidi. Kadiri tulivyomvuta ndivyo alivyozidi kukimbia, nami nilikuwa nabonyeza ovyo nikidhani nitabahatisha. Nafasi 11 ziliteketea. Mwishowe akapenya nyuma ya pazia la studio na kutokea chini ya benchi la wateja waliokuwa wakisubiri.

Sihitaji kueleza kilichofuata. Mama mmoja aliyekuwa amerejea miezi michache tu iliyopita aliruka na kugonga beseni la dawa ya kusafishia picha. Fomu zake zote, zilizokwisha kugongwa mihuri, zikalowa. Alilazimika kwenda kupanga foleni upya kwa siku mbili. Nilimlipia gharama zote, lakini aibu ile haikulipika. Sisi tuliozaliwa ukimbizini tunajua karatasi yenye muhuri ina uzito gani.

Dereva mmoja wa lori, mzee wa Mtwara aliyekuwa akisubiri mizigo yake ipite forodha, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kuwa kwao Newala, alipokuwa kijana, aliishi Mzungu mmoja mzee aliyeokota nyoka wenye sumu kali kwa mkono mtupu kama mtu anayeokota mkufu, na nyoka wakatulia. Watu walimwita Bwana Nyoka. Jina lake halisi, alisema, lilikuwa gumu kulitamka.

Jina hilo ni Constantine John Philip Ionides. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu yake, na leo napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu huyo, kwa sababu aliishi mipakani kama sisi na kwa sababu si kila alichokifanya kinastahili makofi.

Ionides alizaliwa Uingereza Januari 1901. Ukoo wake ulikuwa wa Wagiriki waliohamia London na kutajirika kwa biashara, na jamaa mmoja wa ukoo huo aliacha mkusanyiko wa michoro ya thamani kwa jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mjukuu wa wahamiaji wafanyabiashara, jambo ambalo wengi waliomwona kama Mwingereza halisi hawakulifahamu. Alisoma Rugby, shule ya watoto wa wakubwa, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst na kupelekwa India na kikosi chake.

India haikumshika. Katikati ya miaka ya 1920 aliomba kuhamishiwa katika jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu walilifahamu kama KAR, akaja Tanganyika. Inaonekana jeshi lilikuwa kwake njia tu ya kufika porini. Hakukaa muda mrefu kabla ya kuacha sare na kushika bunduki ya tembo.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani watakapotabasamu. Mtu huyu, ambaye baadaye alikuja kuwa mlinzi mkuu wa wanyama, alianza kama jangili. Alivuka kuingia Kongo ya Wabelgiji na kuua tembo bila kibali, akatoka na pembe bila kupita kwa ofisa yeyote. Hakulificha jambo hilo. Alikuja kuliandika mwenyewe katika kitabu chake. Baada ya hapo alifanya kazi ya kuongoza matajiri waliokuja kuwinda, kazi ambayo nayo haikumpendeza, na mwaka 1933 aliingia Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika. Serikali ilijua vizuri inamwajiri nani. Wakoloni nao walikuwa na hekima yao: anayejua njia za panya ndiye anayeweza kuzifunga. Nimewaona maofisa wa forodha wa aina hiyo, nao ndio wakali kuliko wote.

Maofisa wa idara hiyo waliitwa Bwana Nyama, na kituo cha Ionides kilikuwa Liwale, kusini mwa nchi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufukuza tembo waliokula mashamba ya watu, na kuua simba waliozoea kula binadamu. Kusini mwa Tanzania simba wala watu halikuwa jambo la hadithi, na halijawa hivyo hata katika miaka ya karibuni. Alitembea kwa miguu miezi mingi kila mwaka, akiwa na wapagazi na askari wanyamapori wachache, katika nchi ambayo vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata viliiacha na watu wachache mno. Pori lilirudi, na mbung'o wakarudi na pori.

Sasa nifike mahali pagumu. Wakati Ionides anaingia kazini tayari kulikuwa na hifadhi iliyopewa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 akipigana na Wajerumani. Ilikuwa sehemu ndogo ya kile kilichokuja kuwa Pori la Akiba la Selous. Ionides alitaka iwe kubwa mno, nchi nzima ya tembo, na aliipigania nia hiyo ofisini na porini kwa miaka mingi. Mwishowe alifanikiwa. Selous ikafikia takribani kilometa za mraba 50,000, ambayo ni karibu mara mbili ya Rwanda nzima.

Lakini nchi hiyo ilikuwa na watu. Wangindo na wengine waliishi humo katika vijiji vilivyotawanyika. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa magharibi ya Liwale na kuwakusanya kwenye makazi mapya, sababu iliyotolewa ikiwa ni ugonjwa wa malale. Malale yalikuwepo kweli na yaliua watu. Hata hivyo Ionides hakuwa anafikiria malale peke yake. Aliamini kuwa ardhi ile ilifaa zaidi wanyama kuliko wakulima, na uhamisho ule ulimpa alichokitaka. Watu walifunga mizigo, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao, na mpaka ukachorwa nyuma yao.

Waandishi wengi wanaomsifu hupita hapo haraka. Mimi siwezi. Baba yangu aliondoka kwao mwaka 1959 akidhani anaondoka kwa mwezi mmoja, akarudi kuzikwa tu. Wale Wangindo hawakuvuka nchi, lakini walihamishwa na mtu aliyekuwa na ramani. Nimejaribu kumpima Ionides kwa haki, na naona kwamba aliwajali tembo kwa moyo wote na kwamba watu waliohamishwa hawakumkosesha usingizi. Kitabu chake hakinionyeshi vinginevyo. Wakati huohuo, bila ukaidi wake, Selous ile tunayoisikia isingekuwepo. Mambo hayo mawili siwezi kuyapatanisha, nayaacha yalivyo.

Nyoka alianza kuwakamata kwa bidii akiwa bado Liwale. Alikuwa na tabia ya kukusanya wanyama adimu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Coryndon mjini Nairobi, na kutoka hapo akageukia viumbe ambao kila mtu aliwaua bila kuwatazama. Alipeleka mifano kwa wataalamu wa nje pia, na shukrani yao ipo katika majina ya kisayansi: mjusi mmoja asiye na miguu, anayechimba ardhini kama mnyoo na aliyepatikana Liwale, anaitwa Loveridgea ionidesii, na kuna nyoka mmoja wa chini ya udongo naye amebeba jina lake. Aliandika pia pamoja na Kapteni Charles Pitman, yule aliyekuwa mkuu wa wanyamapori Uganda na aliyetoa kitabu cha nyoka wa Uganda mwaka 1938.

Katikati ya miaka ya 1950 alistaafu na kuhamia Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Anayesimama ukingoni mwa uwanda huo huona Mto Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake Msumbiji. Ni nchi ya mikorosho na miembe, na katika miembe hiyo huishi nyoka wa kijani ambaye Wazungu humwita mamba, ingawa sisi neno hilo tunalijua kwa mnyama wa mtoni. Ni ndugu wa koboko, mwembamba, mwepesi, na sumu yake ni ya kuua. Wapo pia swila, vifutu, na yule kifutu mkubwa wa msituni anayeitwa wa Gaboni, mnene kama paja la mtu, mwenye meno ya sumu yanayoweza kufika sentimeta tano.

Ionides hakuoa. Aliishi na vitabu vyake na masanduku ya nyoka. Mwanakijiji aliyeona nyoka hakumuua tena. Alimwacha mtu wa kumlinda, akakimbia kumwita Bwana Nyoka, na habari hiyo ililipwa. Hilo peke yake lilikuwa badiliko kubwa, maana hakuna jambo rahisi katika Afrika yetu kama kukusanya watu kumi na fimbo kumi juu ya nyoka mmoja. Nyoka wa juu ya miti aliwashusha kwa mti mrefu wenye koleo mwishoni. Nyoka hao hupinda na kugeuka upesi sana, na kazi yote ilikuwa kushika mahali panapofaa kwa mara ya kwanza.

Yule wa Gaboni ndiye aliyemfanya Ionides awe simulizi. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Alimsogelea nyoka polepole, akamgusa juu ya kichwa kwa koleo, mguso mwepesi tu, ili aone hasira yake. Mara nyingi nyoka hakuonyesha hasira yoyote. Hapo aliweka koleo pembeni, akamshika shingoni kwa mkono mmoja kwa uthabiti, na kwa mkono mwingine akabeba uzito wa mwili kutoka chini, akampeleka sandukuni. Ni mara chache sana nyoka alihangaika.

Nilisoma maelezo hayo mara tatu, nikakumbuka chatu wangu. Sisi tulimvuta mkia. Nyoka anayevutwa mkia anajiona ameshikwa na adui, na aliyeachwa aning'inie bila kuegemezwa mwili anajiona anaanguka. Zaidi ya hapo tulimweka chini ya taa za moto, juu ya meza tupu isiyo na pa kujificha, huku watu wanakanyaga sakafu ya mbao. Nyoka hana masikio ya nje, lakini mtikisiko wa sakafu anaupata vizuri mwilini. Chatu yule hakuwa mkaidi, alikuwa anatafuta giza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi msomaji aende kushika nyoka wa sumu kwa sababu Ionides alishika. Yeye mwenyewe aliumwa mara kadhaa katika maisha yake, pamoja na ujuzi wote ule, na kuna nyoka ambao hakuthubutu kuwagusa bila koleo. Kutulia kwa nyoka wa Gaboni ni maumbile yake: anaishi kwa kulala kwenye majani makavu akisubiri windo lipite, rangi zake zikimficha, na hana sababu ya kupoteza sumu kwa kitu asichoweza kukimeza. Koboko ana maumbile mengine kabisa.

Nyoka waliokamatwa walikwenda kwenye makumbusho na bustani za wanyama, na sumu ya nyoka wa aina hizo ndiyo inayotumika kutengeneza dawa. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, na kutokana na damu hiyo hupatikana dawa ya kumwokoa mtu aliyeumwa. Dawa bado ni haba na ghali vijijini kwetu. Ilikuwa mwaka 2017 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Mkulima wa korosho wa Newala angeweza kuwaambia jambo hilo miaka 60 mapema.

Umaarufu ulimfikia Ionides uzeeni. Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha kwanza juu ya maisha yake, na mwaka 1963 mwandishi Margaret Lane, aliyekwenda kuishi karibu naye, akatoa cha pili. Mwaka 1965 akatoa cha kwake mwenyewe. Kwa mtu aliyekimbia watu maisha yake yote, vitabu vitatu katika miaka mitano ni vingi. Wakati huo ng'ambo ya Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vimeanza, Septemba 1964, na wakimbizi walikuwa wakivuka mto kuingia nchi ya Wamakonde wa Tanzania. Mzee wa nyoka aliendelea kupokea wageni wenye habari za nyoka.

Alifariki Nairobi Septemba 1968 akiwa na umri wa miaka 67. Kazi yake ya Selous ilikuwa imekwisha kushikwa na Brian Nicholson, aliyekuwa msaidizi wake. Mabaki yake yalirudishwa kusini na kuwekwa chini ya mlima Nandanga, ndani ya pori alilolipigania.

Pori hilo limepita katika mikono mingi tangu hapo. Mwaka 1982 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katikati ya miaka ya 1970 lilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta takribani 13,000 tu. Majangili walifanya kazi ileile aliyoianza Ionides ujanani, wakiwa na silaha bora kuliko yake, na pembe zikavuka mipaka, baadhi bila shaka kwenye malori yaliyopita watu wakiangalia pembeni. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya eneo ilitengwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wajukuu wa Wangindo bado wapo Liwale.

Bwana mwenye chatu alirudi kwangu baada ya wiki tatu, akidai picha yake. Nilimwambia aje alfajiri, kabla jua halijakaza, na kabla hajamlisha nyoka. Kama macho yamepata ukungu wa kujivua gamba, nilimwambia, asije kabisa, kwa kuwa wakati huo nyoka haoni vizuri na hukasirika upesi. Alipokuja, macho ya chatu yalikuwa safi. Hatukuwasha taa. Tulitandika mkeka uani kwenye kivuli, akamweka chatu taratibu, mikono miwili chini ya mwili, tukamfunika kwa tenga kubwa la nyanya lililofungwa gunia lisipitishe mwanga. Tukakaa kimya kama robo saa. Mimi nililala kifudifudi, lenzi ikiwa usawa wa mkeka. Nilimpa ishara kwa kidole, akainua tenga polepole akiliondoa upande wa nyuma, kivuli kisimpite nyoka machoni.

Chatu alikuwa amejikunja duara tatu. Aliinua kichwa, akatoa ulimi, akakaa hivyo. Nilibonyeza mara mbili.

Picha ya kwanza alichukua mwenyewe. Ya pili niliipachika kwenye ukuta wa studio, juu ya benchi, na yule mama wa fomu, aliporudi siku nyingine kupiga picha za watoto wake, aliomba kwanza niigeuze itazame ukutani.